Udongo Wangu Hauna Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka mkutanoni kwa hasira hata kofia nimeisahau kwenye benchi. Sirudi kuichukua. Wakiniuliza, nitasema nilikuwa naitupa.

Habari yenyewe ni hii. Bibi shamba wetu mpya (mtoto wa juzi, pikipiki inang'aa, buti hazijaona tope) ametangaza kwamba kila mwanachama wa ushirika wa bustani apeleke sampuli ya udongo wa kipande chake. Udongo utapimwa maabara. Majibu yatasomwa mkutanoni, kipande kwa kipande, mbele ya watu wote. Mbele ya watu! Hata mwenye jipu huitwa chumba cha peke yake.

Anasema bustani zetu zote ziko kwenye mchanga, na mchanga haushiki kitu. Ukimwagilia, maji yanashuka na chakula cha mimea, mizizi inabaki inashangaa. Tena si mbolea hii tunayoijua tu. Kuna madini madogo madogo, mboga inayahitaji kidogo mno lakini ikiyakosa inadhoofika: boroni, zinki, manganizi, chuma. Alikuwa ananieleza mimi! Mimi niliyefanya kazi maabara ya shule miaka kumi na tisa. Ni kweli nilikuwa naosha chupa na kufunga madirisha. Masikio sikuyafunga.

Kisha mwenyekiti akasimama. Ni mkunga mstaafu, na sauti yake bado ni ile ya kumwambia mtu asukume. Akakumbusha kanuni: kipande kisichotoa mavuno misimu miwili mfululizo kinarudishwa kwa ushirika. Hakumtaja mtu. Vichwa vyote viligeuka kwangu. Msimu uliopita nilipanda koliflawa, zikatoka za ukubwa wa vifungo vya koti.

Kipande ni cha mke wangu, jina lake ndilo liko kwenye daftari. Alijiunga wakati hapa ni mchanga mtupu, akabeba maji kichwani miaka mitatu kabla bomba halijafika. Mimi nilikipokea nilipostaafu. Nilimwambia apumzishe mgongo, sasa sayansi imefika. Kikichukuliwa msimu huu, nitauweka wapi uso wangu?

Shemeji alikaa nyuma yangu, anapiga mluzi. Ni kaka wa mke wangu, na kipande chake kimepakana na chetu. Mtu huyu hupiga mluzi hata akimenya yai. Alinigusa bega akasema kwa maabara hakuna kujificha. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Maelekezo ya sampuli: tembea kipande chote kwa kupindapinda, chimba sehemu kumi, kina cha kiganja, changanya kwenye ndoo safi, jaza mfuko wa nusu kilo, andika jina la mwenye kipande.

Nilichimba sehemu mbili, nikachoka roho. Mchanga! Mweupe, mkavu, unapita vidoleni kama sukari. Hiki ndicho kisomwe mbele ya shemeji? Yaani nijaze aibu yangu mfukoni kwa mkono wangu, niifunge uzi, halafu niiandike jina?

Mbele ya ofisi ya ushirika mwenyekiti ana maua yake. Udongo wa pale ni mweusi, mzito, ukiushika unabaki umeshikana. Anaulea kuliko alivyolea wanawe. Na saa saba mchana ofisi nzima huenda kula.

Nusu kilo tu. Shimo nimelisawazisha kwa mguu. Ua moja limeinama kidogo, lakini lilikuwa na tabia hiyo tangu zamani.

Huu si udanganyifu. Mtu akienda kupigwa picha huchana nywele.

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti anamtafuta aliyefukua maua yake. Asubuhi alisema ni kuku. Mchana akasema kuku hana kiatu namba arobaini na nne.

Leo nimeshinda na ndala.

Ijumaa, 14 Machi

Siku kuu katika maisha yangu! Na siku mbaya. Nianze na utukufu.

Bibi shamba alisoma majibu. Kipande cha kwanza, upungufu. Cha pili, upungufu. Cha shemeji: boroni karibu hakuna, zinki kidogo sana, manganizi vilevile. Mluzi ulikoma. Nilimgeukia taratibu nikampa pole ya kutoka moyoni.

Kisha kipande cha mke wangu. Bibi shamba akatazama karatasi, akaisogeza karibu, akatazama tena. Madini yote yamekamilika. Mboji ya kutosha. Hakijapata kuonekana kipande cha namna hii kwenye mchanga. Watu wakapiga makofi! Mwenyekiti mwenyewe alipiga, kwa vidole viwili. Nilisimama nikasema siri ni uvumilivu.

Mke wangu hakupiga makofi. Aliniangalia kama mtu anayehesabu meno ya mnyama kabla ya kununua.

Sasa ubaya. Bibi shamba akafungua sanduku, akaanza kugawa paketi za madini. Bure! Kila mwenye upungufu alipewa yake, na karatasi ya maelekezo. Nilipanga foleni. Nilipofika mbele akacheka, akasema wewe mzee huhitaji, tena usiongeze chochote maana utaharibu. Nikasema naichukua ya akiba. Akasema hakuna akiba, zimehesabiwa kwa majibu.

Zimehesabiwa! Watu wenye udongo mbovu wanazawadiwa, mwenye udongo bora anarudi mikono mitupu. Halafu wanashangaa nchi haiendelei.

Na kama hiyo haitoshi, wameamua Jumamosi ijayo wanachama wote waje kwangu kujifunza.

Jumapili, 16 Machi

Kabichi zina hali mbaya. Majani machanga yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nimepasua shina la moja: lina tundu katikati, la kahawia, kama jino bovu. Ndugu zake wamesimama wamekunja mabega.

Mke wangu alikuja kuangalia maharage yake. Ana mistari mitatu kando ya kabichi, mbegu alizopewa na marehemu mama yake, hazipatikani popote. Maharage yako salama. Akapita kwenye kabichi, akainama, akavunja jani, akaniuliza kama nina hakika udongo uliopimwa ulitoka hapa.

Nilimuuliza kama ananiita mwongo. Akasema hajaita mtu, ameuliza tu. Nikasema kabichi hizi ni za aina inayochelewa, zinatafakari kwanza. Akasema haya.

Hiyo "haya" yake imenikaa kooni mchana kutwa.

Jumatano, 19 Machi

Ningeweza kumwomba shemeji anigawie. Angenipa, najua. Angenipa huku anapiga mluzi, kisha angeuliza bingwa wa udongo anataka dawa ya nini. Afadhali nile huo mchanga.

Nimekumbuka sayansi. Bati la kuezekea limepakwa nini? Zinki! Misumari ni nini? Chuma! Kwa nini mtu mzima apange foleni kwa kitu kilicholala nyuma ya nyumba yake? Nimekata bati la banda la zamani vipande thelathini na kuvifukia kati ya kabichi. Misumari yenye kutu nimeiloweka kwenye siki, nimemwagia asubuhi.

Mke wangu ameuliza siki imekwenda wapi. Nimesema sijui. Ameuliza na banda limekwenda wapi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimedhalilishwa.

Walikuja watu ishirini na tatu. Walisimama wakizitazama kabichi, na kabichi, washenzi hawa, hazikujitahidi hata kidogo. Mtu mmoja akauliza kwa upole kama ndizo zenyewe. Nikasema udongo bora huanza kwa kujenga mizizi. Majani ni mambo ya kujionyesha. Baadhi waliandika! Nilianza kupata nguvu. Nikaeleza kuhusu uvumilivu. Nikaeleza kuhusu maabara.

Mwenyekiti akaomba jembe, aone huo udongo kwa macho. Nikasema kuchimba kunausumbua. Akachimba. Jembe likalia kengele. Akatoa kipande cha bati, akakigeuzageuza, akachimba tena. Kingine. Akauliza hapa palikuwa na nyumba?

Nilisema ndiyo. Ilikuwa karibu zaidi kuliko ukweli.

Shemeji ndiye aliyewaambia watu waondoke, jua limekuwa kali. Alikuja kunishika mkono akasema kama kuna shida nimwambie, sisi ni ndugu. Ndugu! Mtu akikuona umeanguka halafu akakuinua mbele ya watu, huyo amekuangusha mara mbili. Sitamsamehe.

Na jembe la mke wangu limepata pengo.

Jumatatu, 24 Machi

Shemeji ana kibanda cha zana ambacho hafungi, kwa sababu anaamini watu. Hilo ni kosa lake, si langu.

Alipokwenda kula niliingia. Paketi ya boroni ilikuwa rafuni, imetumika kidogo sana. Na karatasi yake nimeisoma: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwenye ndoo ya lita ishirini, nyunyizia kabichi, subiri wiki mbili. Chini kwa maandishi meusi: usiweke kwenye maharage, hayavumilii.

Kijiko kimoja! Cha chai! Kilichosawazishwa! Hiki ni kipimo cha watu wanaoogopa. Kabichi yangu imekaa na njaa mwezi mzima, utamlisha mwenye njaa punje moja? Na maharage yamekosa nini? Kila mmea ni mmea. Mimi sibagui.

Nimemimina paketi nzima. Ndoo moja. Nimemwagia kipande chote, kabichi na maharage, hadi majani yakadondosha.

Paketi ya shemeji nimeijaza unga wa ugali kutoka jikoni, nikairudisha rafuni pale pale. Rangi ni ile ile. Sikutaka akute pengo akahuzunika.

Alhamisi, 27 Machi

Maharage yameungua. Kila jani lina ukingo wa kahawia, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Kabichi pia, lakini maharage zaidi. Mengine yamelala.

Mke wangu amepiga magoti kwenye mstari wa kwanza. Alikuwa anafungua jani moja moja kwa vidole, kama anatafuta lililosalimika, na alikuwa analia bila sauti. Nilisimama na ndoo mkononi, nikamwambia huenda ni upepo.

Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akafungua bomba. Alimwagilia kipande chote saa tatu nzima. Nilimwambia anaupoteza udongo. Alisema ndicho anachotaka, kilichowekwa kishuke na maji. Kumbe amekwenda kwa bibi shamba peke yake, bila kuniambia! Bibi shamba amemwambia mchanga una jema moja: hauna kinyongo. Ulichozidisha utakisafisha kwa maji, ukiwahi.

Wamezungumza nyuma ya mgongo wangu. Wanawake wawili na mchanga.

Jumatatu, 31 Machi

Mkutano wa dharura. Nilidhani unahusu mfereji.

Kwanza alisimama shemeji. Alikuwa mnyonge kweli. Amesema alichanganya dawa yake, bomba la kunyunyizia likaziba, akalifungua, akakuta uji. Watu wakacheka. Alisema hamshutumu mtu. Huku ananitazama! Kama hamshutumu mtu, macho si angeyapeleka dirishani?

Kisha bibi shamba akasoma karatasi ya pili kutoka maabara, maana matokeo ya kipande chetu yaliwashangaza wakaangalia tena mfuko. Ndani ya udongo walikuta maganda ya mayai yaliyosagwa na majani ya chai.

Mwenyekiti akaweka miwani yake mezani. Kila mtu katika ushirika huu anajua nani huweka maganda ya mayai na majani ya chai kwenye maua yake.

"Arobaini na nne," alisema. "Simama."

Nilisimama. Nikaeleza. Nilisema sampuli iliharibika njiani, nikaazima nyingine kwa muda. Nilisema maabara yenyewe haikutakiwa kuchungulia hivyo. Nilisema mimi ndiye niliyethibitisha kwamba maua ya mwenyekiti yana udongo bora kuliko wote hapa, na hakuna aliyenishukuru. Nilikuwa nafika pazuri alipogonga meza.

Wakaanza kujadili kukichukua kipande. Msimu wa pili unapotea, aliyepo amedanganya, kuna watu wanasubiri nafasi. Mikono ilikuwa inakwenda juu. Ndipo mke wangu akasimama. Hajawahi kusema neno mkutanoni, miaka yote.

"Nilibeba maji hapa kabla ya bomba," alisema. "Sikumpa huyu kipande kwa sababu mgongo ulikuwa unauma. Mgongo ulikuwa mzima. Alipostaafu alikuwa anashinda dirishani anaangalia barabara, chai inapoa, hasemi. Nilitaka awe na pa kwenda asubuhi. Kosa ni langu, sikumsimamia. Niacheni nimalizie msimu kwa mkono wangu. Nikishindwa, nitawaletea jembe mwenyewe."

Mikono ikashuka. Shemeji alikuwa anafuta macho kwa kofia. Kofia yangu, ile niliyoisahau!

Wamekubali. Jumanne ya tarehe ishirini Mei mpishi mkuu wa hospitali atakuja kukagua. Akikubali kabichi hamsini kwa jiko lake, kipande kinabaki chetu. Asipokubali, kinaondoka siku hiyo hiyo. Sharti: mimi nisiguse kitu isipokuwa mpira wa maji.

Dirishani! Nilikuwa nachunguza magari.

Ijumaa, 11 Aprili

Mke wangu amepeleka sampuli upya. Sehemu kumi, kupindapinda, ndoo safi. Nilimwambia aweke hata kiganja kimoja cha mboji, kwa heshima ya nyumba. Akafunga mfuko kwa uzi.

Majibu yamesomwa leo: boroni hakuna, zinki hakuna, manganizi kidogo, mboji kidogo. Mbaya kuliko wote! Mbaya kuliko shemeji! Mke wangu alisimama mbele ya kila mtu, akachukua paketi zake, akasema asante. Hakuinamisha hata kichwa. Watu walimpisha njia kwa adabu. Mimi nilipitia mlango wa nyuma.

Kabichi zilizoungua sana ameng'oa, amepanda miche ya kuziba mapengo aliyopewa na shemeji. Zilizobaki anazilea. Samadi kwanza, anasema, ili mchanga uwe na kitu cha kushikia. Halafu kijiko. Anakisawazisha kwa ukingo wa kisu, ameinama, ulimi nje kidogo. Ndoo nzima ya maji kwa kile kijivumbi. Nimeangalia hadi shingo ikaniuma.

Maharage hayakupona. Amekuta maganda sita yenye mbegu. Ameyafunga kwenye leso.

Jumanne, 29 Aprili

Kabichi zimebadilika. Sitaki kusema zaidi.

Haya, niseme. Majani mapya ni ya kijani, mazito, yanajikunja ndani vizuri. Bibi shamba amepasua shina la moja: jeupe, limejaa. Akampigia mke wangu makofi, akaniambia na mimi nimemwagilia vizuri. Nimemwagilia vizuri! Kama unavyosifiwa mfereji.

Shemeji anakuja kila jioni. Wanakaa ukingoni wanazungumza habari za mama yao. Anapiga mluzi, mke wangu anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nistaafu. Inaudhi sana, maana sikusema mimi cha kuchekesha.

Alhamisi, 15 Mei

Mdogo wake mke wangu amejifungua, yeye amekwenda kumsaidia. Atarudi Jumanne asubuhi, siku ile ile ya ukaguzi.

Kabichi zimefika hamsini na nane. Nyingi zimejaa, chache bado ndogo. Mke wangu alizipitia zote kabla ya kuondoka. Alizigonga moja moja kwa kidole, kama anabisha hodi, akasema zimetosha, hazihitaji kitu tena, maji tu. Paketi zilizobaki ameziweka kwenye sanduku lake la mbao, akafunga kufuli, ufunguo akaupachika shingoni.

Kisha akanishika mkono. Mlangoni, mchana kweupe. Akasema anajua nimejitahidi kukaa mbali, na amefurahi, na tarehe ishirini ikipita anataka tulime pamoja, mistari yangu na yake. Akaniomba niahidi jambo moja tu: nisifungue lile kufuli.

Nikaahidi. Nilifuta macho mara moja. Vumbi la barabara.

Saa tisa mchana

Hamsini na nane. Mpishi anataka hamsini. Nimezipitia tena. Kuna sita ambazo ni ndogo kuliko za shemeji. Sita! Mpishi atapita kwa shemeji kwanza, njia ndiyo ilivyo. Ataziona zake, kisha zetu. Atamtazama mke wangu kwa huruma. Mimi nikiwa hai?

Mwanamke amepigana peke yake miezi miwili kwa vijiko. Hakuna aliyemsaidia kwa nguvu. Kila mtu anamwambia kidogo, kidogo, kidogo. Ni mimi pekee ninayemtakia makubwa.

Kufuli sijaligusa. Mimi ni mtu wa ahadi. Nimefungua bawaba kwa nyuma, skrubu nne, kazi ya dakika tatu.

Zote tatu. Boroni, zinki, manganizi. Ndoo moja. Kabichi zote hamsini na nane, maana sibagui.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamka nikaenda kumwagilia kama nilivyoagizwa. Majani yana ukingo wa kahawia. Ya nje yote, na ya ndani yameanza kukunjamana. Hamsini na nane.

Nimesimama pale saa nzima, nimejawa hasira. Kesho asubuhi mke wangu anashuka kwenye basi na mpishi anafika. Miaka yote ile ya maji kichwani!

Shemeji alipita. Aliziona. Alikaa chini mchangani akashika kichwa, mluzi hana. Kisha akainuka, akafungua bomba, akaanza kumwagilia mbio mbio kutoka mwanzo wa mstari. Nimemwambia aache mara moja kupoteza udongo wa watu.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Mtu hashiki kichwa kwa kabichi zisizo zake. Mtu hakimbilii bomba kama hana cha kuosha. Amekuja hapa kila jioni wiki tatu, anacheka na dada yake, anajitia mwema, na leo ushahidi wote anauteremsha na maji mbele ya macho yangu!

Nimewahi kuchota udongo kabla hajafika mwisho wa mstari. Nusu kilo, mfuko safi, umeandikwa jina lake. Kesho mke wangu akishuka tu, kabla hajapita bustanini, namkabidhi. Apeleke maabara, amjue kaka yake ni mtu wa namna gani.